Matundu Manne, Si Matano

Ukuta wa chumba cha Bwana Chemwolo, South B,
ghorofa ya tatu, niliutoboa mimi,
Jumanne moja, maji yakiwa yamekatika.
Sefu tuliipandisha ngazi watu watatu,
kilo sabini, rangi ya kijivu,
na mlinzi wa lango alipouliza, nikasema ni friji.
Katika kazi yangu kila kitu ni friji.

Mara ya kwanza mkaguzi alikataa.
Alionyeshwa droo ya mbao, kufuli ya shilingi mia mbili,
akaivuta kwa kidole kimoja, ikaja na kufuli yake.
"Humu hata soksi zingeibwa," akasema,
akafunga faili.
Basi Chemwolo akanipigia simu.
Duka lake la vipuri, Kirinyaga Road, limevunjwa mara mbili;
mara ya pili karani alipigwa nondo,
hadi leo husikia kwa sikio moja.
Na leseni ya bastola imekwama kwenye droo.

Nyumba ni ya kupanga. Bi Zulfa, mwenye nyumba,
aliandika ruhusa kwa wino wa kijani:
matundu manne, si matano,
na siku ya kuhama yazibwe.

Nikatoboa. Zege la zamani lina kiburi,
lilinivunjia biti mbili.
Vumbi likatua juu ya picha ya arusi.
Mke wa Chemwolo akaifuta kwa kiganja,
akasimama mlangoni.
"Miaka ishirini na mbili," akasema, si kwangu,
"hatujawahi kuwa na kitu ambacho mmoja wetu hakifungui."

Inspekta Nzyoki alirudi Alhamisi, nami nikaitwa.
Akaitikisa sefu kwa mikono miwili
kama mtu anayemwamsha mlevi.
Haikusogea. Nikapumua.
Akachungulia kisanduku cha ndani, cha risasi, chenye kufuli yake.
Chemwolo akajilaza kitandani na viatu vyake,
akakurupuka, akafungua, akafungua tena,
mkewe akihesabu kwa sauti:
sekunde arobaini na moja.
"Mwizi atanisubiri?"

Inspekta hakumjibu. Alichuchumaa mbele ya Kibet,
kitinda mimba, miaka sita, pua inachuruzika.
"Biskuti hufichwa wapi?"
Juu ya kabati, nyuma ya sanduku la viatu.
"Na simu ya mama?"
Chini ya godoro, upande wa dirisha.
"Na funguo za gari?"
Ndani ya kiatu cheusi cha kanisani.
Chemwolo akakitazama kiatu.
Inspekta akainuka, magoti yakilia.
"Mimi sikuja kwa ajili ya mwizi," akasema.

Sefu mpya huja na funguo mbili.
"Wa pili uko wapi?"
"Nitautupa."
Mkewe akacheka, mara ya kwanza siku hiyo:
"Wewe? Na betri zilizokufa unazitunza?"
Wakanikabidhi. Nikaubana kwa koleo, nikawasha grainda,
cheche zikaruka, Kibet akapiga makofi,
ukaanguka vipande viwili vya moto juu ya gazeti.
Kalamu ya Inspekta ilikwaruza muda mrefu.

Usiku, Mukuru, nikikung'uta suruali,
vipande vikalia sakafuni.
"Baba, hii hufungua nini?"
"Haifungui kitu."
Naliaka akaviunganisha kiganjani, ufa usionekane.
Meno matano: refu, fupi, fupi, refu, nusu.
Sikukusudia kuyajua.
Mikono ya fundi haiombi ruhusa ikumbuke.
Nikavitia kwenye kopo la misumari,
kopo nikaliweka rafu ya juu kabisa,
ndipo nikakumbuka kile kiatu cheusi.
Nikageuka.
Binti yangu alikuwa akiitazama rafu.