Reli ya Jumba Namba Saba

Alhamisi, baada ya isha, nafunga dirisha la upande wa bahari,
namimina spiriti kwenye kifuniko cha chupa,
ile ya duka la dawa, wanayokufutia mkono kabla ya sindano,
nachovya kipande cha fulana.
Naanzia Ngome.

Mjomba Pandu aliijenga reli hii miaka kumi na mitatu
ghorofa ya nne, Michenzani, chumba cha wageni.
Wageni wakalala ukumbini.
Mataruma aliyachonga kwa vijiti vya mishikaki,
kituo cha Bububu ni boksi la dawa ya mbu.
Gari lenyewe hakuwahi kuliona,
lilikwisha ng'olewa kabla hajazaliwa;
alihadithiwa na bibi yake
aliyelipanda mara moja tu, akatapika.

Wenzangu walirithi mikarafuu.
Mimi nikaachiwa duara la shaba, mita saba na ushei.

Reli ikichafuka haisemi.
Gari linaondoka vizuri, linapinda,
halafu pale Mtoni linashtuka, linasita
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Taa ya mbele inafumba, inafumbua.
Kimya.
Ulisukume kwa kidole: shibiri moja.
Kimya tena.

Umeme upo. Umeshafika mlangoni.
Baina yake na gurudumu pana utando
mwembamba kuliko ganda la kitunguu:
jasho la vidole, moshi wa mafuta ya jikoni,
chumvi inayopanda ngazi hadi ghorofa ya nne
bila kubisha hodi.
Kidogo tu hicho, kinawatenga.
Nawajua ndugu wawili, ukuta mmoja,
jambo jembamba hivyo hivyo,
mwaka wa tisa.
Lakini tuseme ya reli.

Mjomba alikuwa na sheria zake.
Msasa, hapana: msasa unang'arisha leo,
kesho kila mkwaruzo ni mfereji wa taka.
Ufutio wa penseli, ndiyo, kisha puliza makombo.
Futa kwa urefu, usifute kwa mapana.
Na magurudumu usiyasahau,
la sivyo yatarudisha ulichokiondoa.
Siku Bwana Shaame wa jirani, kwa wema wake,
alipoipaka reli nzima mafuta ya nazi,
Mjomba alikaa kitako akacheka hadi machozi,
au alilia, sikutambua.
"Shaame, bwana, reli si nywele!"
Tulifuta siku tatu.

Kitambaa changu kimetoka na mistari miwili myeusi,
sambamba, reli juu ya pamba, haiendi kokote.
Vyake nilivikuta kwenye kopo la biskuti,
vimekunjwa vizuri, havikufuliwa.
Sijavitupa.

Nasogeza swichi. Linaondoka Ngome,
linapinda, linaikaribia Mtoni, nazuia pumzi,
taa ya mbele inafumba
na chumba kizima kinafumba,
na nje, kutoka majumba yote,
"Aaaaa!" ya watoto.

Safari hii si mimi.
Nasema kwa sauti, peke yangu kizani:
Mjomba, si mimi, ni wenzako.
Miaka thelathini alipanda nguzo za shirika la umeme,
angelitetea hata leo,
angesema labda kunguru.

Basi naendelea. Kufuta hakutaki taa.
Kidole kinaijua chumvi:
inakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka,
kisha spiriti inapita, baridi,
kisha pateleza.
Nimefika Bububu, nimegusa boksi,
nimerudi.

Saa nne na ushei
friji la Bwana Shaame linakohoa ng'ambo ya ukuta.
Taa ndefu ya darini inapepesa, haijaamua,
na kabla haijaamua nasikia
magurudumu madogo yakiruka viungo,
tak-tak, tak-tak.
Kumbe swichi sikuizima.
Silioni. Nahesabu viungo kwa masikio:
limeshaipita Mtoni.