Kilo Nne na Robo

Siku ya nne leo.
Simsim amelala juu ya khanga yangu kuukuu,
pua kavu kama kipande cha muhogo kilichosahauliwa juani.
Kupe, alisema Daktari Oboth, kupe tu,
mdogo kuliko mbegu ya papai,
alijibanza nyuma ya sikio nami nisimwone,
mimi ninayeuona uzi kabla haujakatika.

Alikuja kwa pikipiki kutoka Nagongera,
koti lingali linanuka josho la ng'ombe,
akamwinua mgonjwa kwa mkono mmoja
kama anayekadiria bei ya kuku:
"Kilo saba hivi."
Akachoma sindano, akaniachia vidonge sita vya manjano,
asubuhi kimoja, jioni kimoja, baada ya chakula.
Chakula gani, daktari? Hali.

Jioni nikakificha cha kwanza ndani ya dagaa waliopondwa.
Akanilamba kidole, akaniamini, akameza.

Saa mbili na nusu uso ukaanza kuumuka,
kope zikafura kama mandazi ndani ya mafuta,
akatapika povu,
na miguu yote minne ikatetemeka
kama cherehani inayokimbia bila kitambaa.

Ni dawa hii?
Au ni homa ile ile, imebadili nguo?

Nikafungua daftari la vipimo vya wateja,
na chini ya kiuno cha Mama Awor, inchi arobaini na mbili,
nikaandika:
saa mbili na nusu, uso.
Saa tatu kasoro robo, povu.
Saa tatu, nimeita jina lake, mkia umegusa sakafu mara moja.
Simu ya Oboth haipatikani.
Haipatikani.
Haipatikani.

Okware wa mlango wa pili akachungulia dirishani:
"Yote hayo kwa mbwa? Mbwa asiyemtisha hata panya?"
Sikumjibu.
Okware hakuwapo asubuhi ile Nyachwo wangu aliposafiri kwenda Uarabuni,
akaniachia boksi la viatu lenye matundu,
ndani mna kitu cha rangi ya simsim, kinalia.
Kila Ijumaa mwanangu hupiga simu ya picha.
Hunisalimu mimi, kisha husema, mlete.
Kesho kutwa ni Ijumaa.
Nitamwonyesha uso upi?

Nikamfunga kifuani kama mtoto,
nikambishia Wandera akiwa anafunga duka.
Hakucheka. Alifuta sinia la mizani ya maharagwe kwa shati lake,
akaweka mawe, akaondoa jiwe, akaongeza jiwe dogo.
"Kilo nne na robo, mama."
Tukatazamana.

Njiani nilitaka kumtukana Oboth kwa lugha tatu.
Kisha nikakumbuka gauni la Awor la harusi ya dada yake,
nililolikata kwa macho, bila futi, kwa haraka,
na lilipombana nikamwambia,
wewe ndiye uliyenenepa.

Alipiga saa sita usiku. Betri ilikufa, alisema,
alikuwa Mulanda akimvuta ndama tumboni mwa mama yake.
"Usimpe kingine. Maji, kidogo kidogo.
Huenda ni dawa, huenda si dawa, nitakuja alfajiri."
Akanyamaza.
"Kilo ngapi ulisema?"
Nikarudia, polepole.
Nikasikia pumzi ikimtoka.

Kijiko cha chai, maji, kijiko, maji.
Nusu ilimwagika kwenye khanga, nusu sijui.
Saa kumi jicho la kushoto lilifunguka kidogo,
la kulia likabaki na siri yake.
Mwamba wa Tororo ukaanza kujitenga na giza,
na vumbi la saruji likatua juu ya majani kama kila siku.

Vidonge vitano sikuvitupa.
Homa bado imo mwilini, na labda tiba nayo imo humo,
ikikatwa kwa wembe, ikipimwa.
Nimevitia ndani ya kopo la vifungo,
kisha nikavitoa tena: vinafanana mno.

Pikipiki inapanda mlima.
Simsim amesimamisha sikio moja.
Cherehani nimeifunika, na leo
mteja yeyote akija
asubiri nimpime.