Kengele Iliyotazama Juu

Mvua ya Sunnfjord ilipumzika asubuhi moja ya Juni,
Gudveig akaniita ng'ambo ya ukuta wa mawe:
"Njoo. Na miwani uje nayo."

Kando ya pipa la maji, pale asipopanda kitu,
yalikuwa yamejiotea yale maua ya zambarau
ambayo kwao huitwa kengele za mbweha:
shina limenyooka, kengele zimeinama upande mmoja,
madoadoa kooni, kama kawaida yao.
Ila shina moja, la katikati,
lilikuwa limejivika kileleni ua lisilo la ukoo,
bakuli pana, petali zimeshonana duara,
limeikodolea mbingu macho
huku ndugu zake wote wakitazama udongo.

"Limekosea," nikasema.
"Limekosea nini?"
Sikuwa na jibu. Nikafuta miwani.

Arnfinn, mkwewe, alikuja na mkasi wa bustani.
Kilema huzaa kilema, alisema,
likatwe kabla halijamwaga mbegu.
Gudveig hakubishana naye.
Alisimama tu kati ya mkasi na ua,
miaka themanini na mmoja, buti za mpira za marehemu,
mfukoni kichupa cha vidonge vya moyo
ambavyo asili yake ni sumu ya ukoo huohuo wa majani.

Akaja nyuki mnene, yule mwenye koti la manyoya.
Amezoea kuingia kwa chini, kama mtu apandaye darini.
Safari hii hakuuona mlango: nyumba nzima ilikuwa mlango.
Akazunguka mara tatu, akaanguka ndani kichwa mbele,
akatoka amepakwa chavua hadi kisogoni,
mlevi wa mchana kweupe.
Arnfinn akashusha mkasi.

Agosti tulikung'uta mbegu, vumbi la kahawia,
ndani ya bahasha ya bili ya umeme.
Kengele za mbweha hazina haraka:
mwaka wa kwanza majani, wa pili ndipo ua.
Tukangoja.
Yakachanua kumi na saba,
yote yameinama, yote yana adabu.

Arnfinn alicheka, si kwa ubaya.
Gudveig akatafuta bahasha nyingine.
"Huruka kizazi," akasema,
"kama pua ya baba yangu, iliyomruka binti
ikamwangukia mjukuu."
Akahesabu kwa vidole: miwili, tena miwili.
Alipofika kidole gumba alisita,
kisha akanipa bahasha niishike mimi,
akaenda kuchota maji pipani.