Kipimo Nilikwenda Nacho

Nilikwenda Sae kununua gari
nikiwa juu ya baiskeli.
Chaula, mwenye yadi, akaitazama ile Foniksi nyeusi.
"Hiyo iache kwa mlinzi."
Nikamwambia: hiyo ndiyo futikamba yangu.

Akanifungulia boneti. Nikamwomba buti.
Akataja ukubwa wa injini, kilomita, mwaka wa kuundwa;
mimi nimepiga magoti kwenye kokoto
napima toka kizingiti cha mlango hadi mgongo wa kiti.
Noah ya fedha: ukilaza viti, baiskeli tatu;
ya nne, usukani unamchokonoa dereva kisogoni.
Probox: haili mafuta, ni kweli,
lakini tairi la mbele lazima lifunguliwe,
na mimi tairi nafungua kutwa kibandani,
sitaki kulifungua tena alfajiri
vidole vimekufa kwa baridi ya Uyole.
"Wewe unanunua gari au kabati?"
Kabati, nikasema. Lijue mlima.

Kule mwisho, ukutani, ilikuwepo Kirikuu,
bluu iliyopauka, taa moja ina mtoto wa jicho.
Nikashusha ubao wa nyuma, nikainyanyua Foniksi, nikailaza.
Ikalala.
Chaula hakutaja tena kilomita. Akataja bei.

Tumpe nyumbani aliuliza moja tu:
"Inapanda?"

Kwa sababu kushuka hakuna anayelipia.
Vijana wa Kikondo wanashuka na viazi,
gunia juu ya karia, ndoo kwenye usukani,
breki ni kandambili; wakifika Uyole
utawajua kwa harufu ya soli iliyoungua.
Wanauza, wanakunywa chai, wanahesabu,
halafu mlima unawageukia.
Nusu siku ya kusukuma chuma.
Mimi nawapandisha: elfu mbili mtu,
mia tano baiskeli.

Kupakia kuna elimu yake.
Zilaze mzungu wa nne, kama watoto wa kitanda kimoja,
huyu kichwa huku, huyu kichwa kule.
Pedeli isiguse spoki za jirani.
Katikati gunia tupu, likunjwe mara mbili.
Kamba usinunue; kata tyubu iliyokufa.
Kamba ya duka ukungu ukiilowesha inalegea,
tyubu inavutika, inarudi, haikati tamaa.
Lugano, mwanangu, alifunga siku moja fundo la haraka.
Kengele ikalia njia nzima kule nyuma,
tukafurahia muziki,
mpaka kona ya Isyonje, ikanyamaza.
Tuliikuta kwenye shamba la pareto,
imesimama wima kati ya matuta
kana kwamba mwenyewe kaenda haja.

Mwezi wa sita, saa sita mchana, ukungu umelalia kioo,
mkanda wa feni ukakatika.
Abiria sita, baiskeli sita, na mimi
na funguo zangu zote za baiskeli.
Mtu akacheka. Wakacheka wote.
Gwamaka, mdogo wao, akafungua tyubu, akashusha ya kwake,
akauvaa mkanda uliokatika shingoni kama skafu,
akaachia breki.
Tulimsikia kabla ya kona ya kwanza, kandambili zinalia,
kisha hatukumsikia.

Tulichoma viazi vilivyokosa mnunuzi.
Tulihesabu malori. Tukaacha kuhesabu.
Jua lilikuwa doa tu nyuma ya pazia
alipotokea, anasukuma, jasho na umande havitofautiki,
mkanda mpya umening'inia pale pale shingoni.

Nikanyoosha mkono kuupokea.
Hakunipa.
"Elfu mbili na mia tano," akasema.
"Mtu, na baiskeli. Ni bei ya kupanda."

Nikatoa noti moja moja mbele ya mashahidi watano,
na ile sarafu ya mia tano ikabidi niazime kwao.