Nani Amekula Sifuri Yangu?

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele.
Hawakuajiriwa ghorofa ya tatu, Barabara Kuu, Jinja,
kwenye meza yenye kikokotoo na chai iliyopoa,
ambapo yajayo ni ya wenye viti vya ngozi
na mimi nimeachiwa yaliyopita
niyagange.

Leo ninazo Nyuzi za Walukuba, bei za miaka kumi na miwili.
Grafu inapanda taratibu, kama mtu na gunia ngazini,
halafu inaanguka.
Ijumaa: elfu mbili na mia nne.
Jumatatu: mia mbili na arobaini.
Mgeni angeuliza, moto? wizi?
La. Kila hisa ilikatwa kumi, kama muwa,
na muwa hauzidi utamu kwa kukatwa vipingili,
wala haupungui.

Jumatatu ile shangazi yangu Kagoya alipanda ngazi zetu,
risiti imekunjwa ndani ya mshipi wa gomesi.
Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine za nyuzi;
hasikii vizuri, kwa hiyo anazungumza kwa nguvu.
"Nililipa elfu mbili kila moja.
Nani amekula sifuri yangu?"

Haikuliwa, shangazi. Imehama.
Imetoka kwenye bei, ikaingia kwenye idadi:
ulikuwa na mia tano, sasa una elfu tano.
Akanitazama
kama anavyomtazama fundi anayeapa
kwamba kitambaa kilikuwa kifupi tangu dukani.

Basi ninarudi nyuma.
Kila bei iliyotangulia Jumatatu ile, ninaigawa kwa kumi.
Hiyo ni kazi ya shoka. Gawio linataka wembe.

Mkesha wa gawio bei ni mia mbili na arobaini;
kila hisa itapewa shilingi kumi na mbili.
Asubuhi bei inashuka kwa zile kumi na mbili
na hakuna mkosaji: fedha zimetokea mlango wa nyuma
kwenda kwa wenyewe.
Nazidisha siku zote za kabla kwa sifuri nukta tisa tano.
Mwaka uliofuata, thelathini zinatoka kwenye mia tatu:
sifuri nukta tisa.
Siku ya zamani hubeba makato yote yaliyokuja baada yake,
kama mzaliwa wa kwanza.

Elfu mbili ya shangazi ikawa mia mbili,
mia mbili ikawa mia na tisini,
kisha mia moja sabini na moja.
Grafu haina jeraha tena.
Bosi akapita nyuma yangu, akasema, "Safi."

Ni safi. Bila hivyo tungesema kampuni ilikufa Jumatatu,
na huo ni uongo.
Lakini mia moja sabini na moja
hakuna aliyewahi kuilipa.
Shangazi aliuza ng'ombe wawili wa marehemu,
akahesabu milioni nzima kaunta, noti kwa noti,
akilamba kidole.

Na jedwali langu linadhani kila gawio
lilirudi sokoni kununua hisa nyingine.
Elfu sitini zilikwenda kwenye mguu wa Mukose,
hospitali, plasta na magongo.
Laki moja na nusu ni mabati matano ya jikoni.
Nimelala pale usiku wa mvua, nimeyasikia.
Sijui kizidishio chake.

Jioni simu inalia.
"Umeshanipunguzia tena?"
Nimekupunguzia, shangazi.
"Na risiti yangu inasemaje?"

Ninazo safu mbili. Ile ya kwanza siigusi.
Naisogeza grafu pembeni, naisoma kwa sauti kubwa,
hadi wenye viti vya ngozi wanageuka:
Elfu mbili.

"Haya," anasema. "Hapo tunaelewana."