Gramu Kumi

Gramu kumi za udongo mweusi, mkavu, uliochekechwa,
nazimimina ndani ya silinda ya maji.
Gramu kumi nyingine, za shimo lilelile,
ndani ya mafuta ya taa.
Nafunga maabara. Yavatmal yote inanuka vumbi
linalongoja mvua.

Asubuhi, ule wa mafuta umelala pale ulipolala,
mililita kumi, bubu,
kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.
Ule wa maji umepanda hadi ishirini na mbili.
Naandika: asilimia mia moja na ishirini.
Bwana Thote anatia sahihi
bila kuuliza shimo lilichimbwa wapi.

Lilichimbwa nyuma ya jiko la mama.

Mama hana haja ya silinda. Anao mlango.
Mwezi wa Ashadh, mvua ikishuka,
kuta za nje hunyanyuka kwanza, fremu hupinda,
mlango hukaza meno.
Basi huitoa randa ya marehemu baba
akauparuza ukingo, maranda yakajikunja miguuni pake.
Vaishakh ikifika ardhi imenywea, imepasuka,
mkono wangu huzama ufani hadi kiwiko,
na mlango uleule una pengo:
mjusi hupita bila kuinama.

Miaka kumi na tisa ya kuranda.
Siku hizi komeo halifikii tundu lake.
Tunaufunga kwa kamba ya pamba.

Pamba, naam. Mjomba Dnyandeo hataki tuutukane:
"Mvua ikikatika, udongo huu unaficha maji miezi miwili.
Ndio uliokulipia ada."
Kweli. Na ndio uliompasulia baba ukuta wa mashariki,
akabandika kipande cha kioo juu ya ufa, akaandika tarehe.
Kikavunjika. Akabandika kingine.
Viko vitano sasa, kama plasta juu ya kidonda kisichopona,
cha mwisho kina mwandiko wangu.

Benki ya ghorofa nne, mtaa wa pili,
imekaa juu ya udongo huohuo. Haijainuka hata unywele.
Ni hesabu tu, nawaambia wanafunzi wanaokuja kujifunza:
mzigo mzito huushinda mvimbo,
nyumba nyepesi ndiyo inayobebwa.
Wao wanaandika. Mimi nageukia dirishani.

Nilimweleza mama dawa yake:
nguzo za zege, mita tatu na nusu,
kila moja na kitako kinene kama kitunguu,
zikashike kule chini ambako udongo hausikii mvua.
Akauliza bei. Nikaitaja.
Alicheka hadi akatafuta pa kukaa.
"Kwa fedha hiyo, binti yangu,
ningenunua milango mia, niirande yote."

Jana mawingu yamesimama upande wa magharibi.
Nimemkuta kizingitini, anainoa randa
kwa jiwe lililolowa mate.
Ile asilimia sikuitaja.
Nilivua viatu, nikamshikilia mlango.