Nyundo Imelala

Wiki ya kwanza nilijua kila kitu.
Koti jeupe, pasi imepita hadi mikunjo ina makali,
jina langu kifuani, na daftari la mafunzo
lenye safu ya kujazwa: Ujuzi Uliopatikana.

Duka la dawa la Bi Swafiya liko Maweni,
nyuma ya Malindi ile inayopigwa picha.
Feni moja, benchi moja, mzani wa vichanga,
na kitabu cha madeni chenye jalada la kijani
na majina yaliyolala humo
tangu kabla sijajua kusoma.

Bi Nyevu alikuja na cheti kilichokunjwa mara nane.
Hospitalini dawa zipo kwenye karatasi,
kwenye rafu hazipo.
Akauliza bei. Nikamtajia.
Akafumba macho, midomo ikihesabu:
"Hayo ni madebe thelathini ya kokoto."
Vumbi jeupe lilimfika viwikoni
kama aliyekanda unga wa watu wengine.

Bi Swafiya akakata vidonge kwa mkasi, vya siku kumi,
akaandika kwenye kile cha kijani, hakusema neno.
Kazi yangu ilikuwa bahasha.
Hajui kusoma, nami nilifundishwa la kufanya:
nikachora jua, kidonge kimoja,
nikachora mwezi, kidonge kimoja.
Mwezi mwembamba, na nyota pembeni.
Niliupenda mchoro wangu.

"Baada ya kula," nikasema.
"Kula kupi?" akauliza, kwa upole, kama anayeuliza saa.
Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Siku ya kumi alirudi. Kichwa kinagonga, alisema,
kama kuna mwingine anaponda mawe humo ndani.
Mia na tisini na nane kwa mia na kumi na nne.
Nikapima tena; mashine haikubadili ushahidi.
Ndani ya bahasha, vidonge saba.
Nikapandisha sauti (ndiyo, nilipandisha):
"Mama, mbona hukumeza?"

"Nimemeza ulivyonichorea.
Mwezi ulipochelewa niliungoja mlangoni,
usiku mmoja hadi jogoo.
Kisha ukafa.
Ulipozaliwa, mawingu.
Sikuuona, sikumeza.
Nilidhani dawa yenu ina masharti
kama za kwetu."

Feni ikazunguka.
Bi Swafiya hakunikemea.
Angenikemea ningepata pa kujificha.
"Mutheu," alisema tu, "muulize."
"Nimuulize nini?"
"Jioni yake inafananaje."

Bi Nyevu alifikiri
muda mrefu kuliko nilivyofikiri mimi nikichora.
"Asubuhi nyundo husimama. Jioni hulala.
Nailaza juu ya gunia, basi siku imekwisha,
mwezi uwepo usiwepo."

Nikachora nyundo imesimama.
Nikachora nyundo imelala. Ilitoka kama kijiko.
Akanipokonya kalamu, akaishika kama anavyoshika chuma,
akaurefusha mpini hadi ukatoka nje ya bahasha.
"Yangu ndefu."

Na kula? Bi Swafiya akageuza pakiti:
hizi hazidai chakula, maji yanatosha.
"Nani alimwambia baada ya kula?"
Mimi. Mazoea. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Sasa mama wa kaimati ana karai kwenye bahasha yake,
na bawabu wa hoteli, ambaye usiku ndio mchana wake,
tumemchorea funguo mbili:
ya kufungulia lango, ya kulifungia.

Mhadhiri alipokuja kunikagua
alisoma ile safu: Ujuzi Uliopatikana — nyundo.
Akaizungushia wino mwekundu, akaandika: Fafanua.
Bado sijafafanua.

Presha ya Bi Nyevu imeshuka, si sana.
Jina lake limo kwenye kile cha kijani,
ukurasa wa pili sasa.
Mchoro haukupunguza
hata debe moja.